Mombasa, kila chakula na saa yake

Mombasa

Kwako sahibu yangu,

Salamu nyingi kwako na kwa wa nyumbani huko Nairobi. Nimefurahi kusikia kikao chenu kitakuwa karibu na Treasury Square, kuanzia Jumatano hadi Ijumaa. Unasema utakuwa huru asubuhi na jioni tu. Inatosha kabisa, bora ujue kwamba mji huu kila chakula kina saa yake. Mgeni anayetafuta mahamri saa nne hupata yaliyopoa na kunywea, na anayetaka viazi karai adhuhuri huambiwa arudi magharibi.

Kwa hivyo chai ya hotelini iache. Toka saa kumi na mbili na nusu uingie mitaa ya Mji wa Kale, ukatafute mahamri na mbaazi. Hamri zuri ukilishika ni jepesi, ukilipasua ndani ni wazi kama mfuko na linanukia iliki. Likiwa zito na limeshiba mafuta, ama unga haukuumuka ama mafuta hayakuwa yamepata moto. Lakini mpishi hasa utamjulia kwenye mbaazi. Hurowekwa usiku kucha, zikachemshwa mpaka ukizibonyeza zinasagika, ndipo zikatiwa tui jepesi. Tui zito huja mwisho, kwa moto mdogo, na mwiko hautoki chunguni. Mwenye haraka huliacha lichemke kwa nguvu, tui likakatika: utaona mafuta yameelea juu na punjepunje nyeupe zimebaki chini. Mbaazi za namna hiyo hazigandi kwenye hamri, na raha yote iko hapo, kuchota kwa hamri bila kijiko.

Fort Jesus hufunguliwa saa mbili asubuhi. Jiandae kulipa kwa simu, na uwe na kitambulisho chako, kwani kiingilio cha Mkenya si sawa na cha mgeni wa nje. Wareno walianza kuijenga 1593 kwa mchoro wa Mtaliano Giovanni Battista Cairati. Anza na kuta za upande wa bahari kabla jua halijakaza, makumbusho uyaache mwisho kwa kuwa yana kivuli. Humo usipite mbio kwenye vyombo vilivyoopolewa katika Santo Antonio de Tanná, meli ya Wareno iliyozama mbele ya ngome 1697, Waomani walipokuwa wameizingira. Ukishaviona, rudi ukutani utazame maji yale yale. Kutoka hapo hadi Treasury Square ni mwendo wa dakika chache kwa miguu.

Saa kumi jioni ni ya kahawa. Muuza kahawa utamjua kwa dele lake, birika lenye makaa chini, na mlio wa vikombe. Kahawa ni chungu, haina sukari, wengine huitia tangawizi; utamu unautafuta kwenye kashata, tende au halua. Kikombe ni kidogo, kwa hivyo watu hunywa viwili vitatu. Baada ya hapo shuka polepole na Ndia Kuu, njia ya Mji wa Kale, utazame milango ya nakshi na Msikiti wa Mandhry, wa 1570. Vaa nguo ya heshima, na omba ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha.

Magharibi ikiingia, makarai yanapanda motoni. Kabla hujaagiza viazi, simama uangalie mkono wa muuzaji. Kiazi kimeshachemshwa na kumenywa, sasa anakichovya kwenye unga uliokorogwa na chumvi, manjano na pilipili. Akikiinua, unga uteremke polepole na kiazi kibaki kimevaa. Ukichuruzika wote, umezidi maji, na kiazi kitatoka na mabaka yaliyo uchi yaliyokunywa mafuta. Chukua vinavyotoka karaini sasa hivi, si vilivyorundikwa kwenye sinia. Kwa tumbo lisilozoea, kiazi chenyewe hakina neno. Cha kuangalia ni ukwaju uliozimuliwa kwa maji yasiyochemshwa, na kachumbari iliyokaa. Mwambie akutilie ukwaju pembeni, uonje kwanza.

Jioni moja iweke kwa Mama Ngina, bustani ya ukingoni mwa bahari. Ukikaa ukingoni utaona meli za kontena zikipita karibu mno kuingia bandari ya Kilindini, na mibuyu iko nyuma yako. Kula muhogo wa kuchoma, uliopasuliwa ukatiwa chumvi, pilipili ya unga na ndimu. Dafu ukiagiza, sema unataka lenye nyama laini ya kukomba. Likishakuwa koroma nyama ni ngumu na maji yamepoteza utamu. Kivuko cha Likoni kiko hapo jirani, na anayevuka kwa miguu halipi. Usivuke kuanzia saa kumi na moja hadi saa moja jioni, wafanyakazi wanaporudi kwao ng'ambo.

Ijumaa adhuhuri maduka mengi ya Mji wa Kale hufungwa kwa ajili ya swala, kwa hivyo Marikiti, soko la viungo, nenda asubuhi. Nunua viungo vizima, usinunue vya kusagwa, kwa maana unga huwezi kujua umechanganywa na nini. Iliki iwe ya kijani na ganda limefunga; pasua moja, mbegu ziwe nyeusi na zinanata. Robo kilo inatosha nyumba nzima kwa miezi. Achari itie kwenye mkebe wa kufunga kwa kusokota, kisha mifuko miwili, maana mafuta yake hupenya na kuharibu nguo zote.

Treni ya kukurudisha Nairobi haiondokei mjini, inaondokea Miritini, bara, na njia ya Changamwe hujaa malori. Toka hotelini muda wa saa mbili na nusu kabla ya treni kuondoka. Pale mizigo hupangwa chini inuswe na mbwa, halafu hupita kwenye mashine, na foleni hiyo haina njia ya mkato. Niandikie ukishajua hoteli yako iko mtaa gani, nikuelekeze mahamri ya karibu.

Ni mimi sahibu yako.