Barua ya wazi kwa Waziri wa Uchukuzi: Reli ya Arusha na Moshi ipo, inayokosekana ni treni ya asubuhi

Mheshimiwa Waziri,

Salaam kutoka Usa River, wilayani Arumeru. Tangu Ujenzi na Uchukuzi zilipotenganishwa kuwa wizara mbili mwaka 2023, wananchi wengi tumezoea kuona kwamba foleni ni mzigo wa mwenzako wa Ujenzi na treni ni yako, ilhali abiria anayesimama kituoni saa kumi na mbili asubuhi hajui mpaka huo unapita wapi. Ninakuandikia wewe kwa sababu ombi langu linaangukia upande wako: kabla Serikali haijaingia gharama ya kupanua barabara kuu kutoka Tengeru kuelekea Moshi, jambo ambalo limezungumzwa kwa miaka, iwekwe kwanza treni ya asubuhi na ya jioni, kila siku ya kazi, katika reli ambayo tayari inaunganisha miji hii miwili.

Sisemi kwamba barabara haina faida. Njia nne za Sakina hadi Tengeru, kilomita 14.1, pamoja na barabara ya mchepuko ya kilomita 42.4 inayozunguka Jiji, zilitupa nafuu, na aliyekuwa akipita Sanawari kabla ya ujenzi ule anaikumbuka adha yake. Hata hivyo, ninayesafiri kila siku kwenda mjini nimeona kwamba foleni haikuisha bali ilihama. Jioni, magari yanayotoka mjini kwa kasi katika njia mbili hufika Tengeru yakalazimika kuingia katika njia moja, na kuanzia hapo kifodi (daladala ndogo ya huku kwetu), lori la kwenda Holili mpakani na Kenya, basi la Dar es Salaam na bodaboda vyote vinagombea lami ile ile. Nafasi iliyopatikana upande wa mjini imejazwa na magari madogo ya watu ambao zamani walipanda daladala, nami siwalaumu, kwa maana aliyewahi kusimama kwa kuinama ndani ya Hiace kutoka Kilombero ya Arusha mjini hadi Usa River akipata uwezo wa kununua gari atalinunua. Wasio na uwezo huo, hasa wanaokwenda mbali zaidi hadi Boma Ng'ombe na Moshi, huishia katika michomoko, zile Noah zinazobeba watu kuliko viti vyake na ambazo madereva wake hupeana ishara ya taa kila askari mwenye tochi ya kupimia mwendo anapokuwa mbele.

Wakati huo huo, kusini mwa barabara hiyo hiyo, kuna reli. Ilianza kujengwa kutoka Tanga mwaka 1893, ikafika Moshi mwaka 1911 na Arusha mwaka 1929, na kwa miongo mingi ilibeba abiria pamoja na kahawa na mkonge. Huduma ya abiria ilikufa katika miaka ya 1990. Serikali iliifufua, treni ya kutoka Dar es Salaam ikafika Moshi Desemba 2019 na Arusha Oktoba 2020, nasi tuliipokea kwa shangwe. Lakini ile ni treni ya safari ndefu, ya siku chache kwa wiki, yenye ratiba inayomfaa mtu anayekwenda Dar es Salaam kwenye msiba au likizo. Muuguzi anayeishi Moshi na kufanya kazi Arusha haimfai hata kidogo.

Utaniambia, Mheshimiwa, kwamba reli hii ni ya zamani na ni ya njia moja. Ni kweli. Lakini reli ya kati ndani ya Dar es Salaam nayo ilikuwa ya zamani mwezi Oktoba 2012, ilipoanzishwa treni ya mjini kutoka Stesheni hadi Ubungo Maziwa, ile ambayo wananchi waliibatiza jina la waziri wa wakati huo na kuiita treni ya Mwakyembe. Haikungoja SGR, yaani reli mpya ya kisasa. Ilitumia vichwa na mabehewa yaliyokarabatiwa, na watu walijaa tangu wiki za mwanzo, kwa sababu abiria wa kila siku hadai kasi kubwa, anadai kujua saa ya kuondoka na saa ya kufika. Kwa umbali wa kilomita themanini na ushee, treni moja ikitoka Moshi alfajiri na nyingine Arusha, zikapishana katikati ya njia na kurudi jioni, hilo ni suala la ratiba na mabehewa machache kabla halijawa suala la mabilioni.

Kuhusu fedha, kuna jambo moja ambalo sijalisikia likijadiliwa vya kutosha. Barabara ina mfuko wake kisheria, unaotokana na tozo ya mafuta, na mwaka 2021 Bunge liliongeza shilingi 100 kwa kila lita kwa ajili ya barabara za vijijini na mijini. Reli nayo ina tozo yake, iliyoanzishwa mwaka wa fedha 2015/16 kwa kiwango cha asilimia 1.5 ya thamani ya bidhaa zinazoingizwa nchini, ambayo mfanyabiashara wa Soko Kuu la Arusha anailipa sawasawa na yule wa Morogoro. Wa Morogoro na Dodoma wamepata treni ya umeme tangu mwaka 2024, na ninafurahi kwa niaba yao. Sisi wa kaskazini tunaambiwa tusubiri SGR ya Tanga, Arusha hadi Musoma. Tutaisubiri, ila si lazima tuisubiri tukiwa tumesimama Tengeru.

Ugumu halisi, kwa maoni yangu, uko kwingine: reli inapita mbali kidogo na makazi ya wengi wetu, na treni isiyofikika ni sawa na isiyokuwepo. Hapo ndipo vifodi vingepata kazi mpya ya safari fupi za kuleta watu stesheni, LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa nchi kavu, ikiwapangia ruti hizo, na hapo ndipo baiskeli ingepata heshima yake. Vibarua wa mashamba ya huku kwetu hutoka alfajiri kwa baiskeli, wakipita ukingoni mwa lami huku malori yakiwapulizia honi. Njia ya baiskeli kutoka barabara kuu hadi stesheni, pamoja na banda lenye mlinzi, haigharimu hata sehemu ndogo ya daraja moja la juu.

Ninaomba, basi, majaribio ya miezi sita. Idadi ya abiria na mapato vitangazwe kila mwezi, na uamuzi wa kupanua barabara ya Tengeru hadi Moshi usifungwe kabla takwimu hizo hazijasomwa na wizara zote mbili.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Abiria wa kila siku,
Usa River, Arusha