Gede si mahali pa kupiga picha na kima tu

Mhariri,

Naomba nafasi kwa gazeti lako niongee na hawa wanaoshuka Pwani likizo ya Desemba. Kila mwaka ni yaleyale, watu wanafikia Watamu, wanaogelea wee, siku ya mwisho ndio wanakumbuka kuna magofu ya Gede, basi wanapelekwa mbio mbio, kima anapandishwa begani na ndizi, picha, haya ingieni kwa gari. Eti wameona historia!

Ule ulikuwa mji jamani. Watu waliishi pale kuanzia karne ya 12 hivi mpaka ya 17 ilipoanza wakauhama, sababu wataalamu wanabishana mpaka leo, wengine wanasema maji ya visima yaliisha, wengine ni vita. Msitu ukaingia ndani ya nyumba. Kuna kaburi limeandikwa mwaka 802 Hijria, yaani 1399, na kuna nyumba zimepewa majina kwa vitu vilivyochimbuliwa ndani, moja inaitwa Nyumba ya Mkasi, ukisimama kwa mlango wake unaona vyumba vyenyewe vilivyo vyembamba na vyoo vilikuwa humo humo ndani, enzi hizo! 2024 UNESCO wakauweka kwa urithi wa dunia, na bado mtu anaenda kumlisha kima tu. Na hizo ndizi muache, kima akishazoea anakuwa mwizi wa mikoba, mtamlaumu nani?

Halafu kuna msitu wa Arabuko-Sokoke hapo jirani, matatu za Mombasa–Malindi zinaupita kila siku na hakuna anayegeuza shingo. Ni kama kilometa 420 za mraba, sehemu yake ndogo ndio mbuga ya taifa, na hakuna msitu mkavu wa pwani mkubwa kuushinda uliobaki Afrika Mashariki yote. Ingia alfajiri na mwongoza watalii wa hapo hapo. Ukiwa kwa miti ya mrihi ni mchanga mweupe, ukisonga ndani udongo unageuka mwekundu na miti inabanana, huko ndio anakaa yule bundi mdogo wa Sokoke, hatoshi hata urefu wa rula, mwongozaji anakuonyesha na kidole na bado humwoni. Na sange, kamnyama kadogo kama panya, mwenye matako ya dhahabu, msicheke, ndivyo alivyo kweli, anachakura majani na pua ndefu halafu huyoo.

Jioni nendeni Mida, ile hori ya bahari karibu na Watamu, mtembee kwa daraja la mbao katikati ya mikoko. Na mkiwa Gede pitieni mradi wa Kipepeo, tangu 1993 wakulima wanaoishi kando ya msitu wanafuga vipepeo na kuuza ng'ambo, ndio maana wengi wao hawataki kusikia habari ya kuukata.

Vaeni viatu vya kufunika, kupe wapo.

Msomaji wenu,
Kilifi