Barua kwa mwanangu kuhusu Macbeth na mkewe

Marahaba baba. Meseji yako nimeiona, unasema umemaliza kusoma Macbeth, ile tamthilia ya Shakespeare, na ulichokiona humo ni kwamba mke ndo alimponza mume, basi. Hapo sikubali mwanangu, na kwa vile mwakani unaoa nimeona nikuandikie kirefu.

Angalia wazo lilianzia wapi. Wale wachawi watatu wanamwambia Macbeth atakuwa mfalme, na palepale anatishika mwenyewe na picha ya kuua iliyomjia kichwani, mke hayupo, mke yuko Inverness hana habari. Ndo anamwandikia barua, anamwita mshirika wake mpenzi katika ukuu. Walikuwa wanapendana wale watu, na hicho ndo kinachoniuma mimi.

Afu usisahau kuwa alishaghairi, alimwambia mkewe kabisa hili jambo la kumuua mfalme Duncan tuliache, ametoka kunipa heshima juzi tu, mke akamjibu kumbe mapenzi yako ndo hivi, we mwanaume gani. Hapo tuko pamoja, alikosea tena vibaya sana, manake mtu anakupenda afu unachukua penzi lake unalifanya fimbo ya kumsukumia kwenye dhambi. (Macbeth wa kweli alitawala Uskoti 1040 hadi 1057 na Duncan alikufa vitani, kwahiyo hii ndoa tunayoijadili ni ya Shakespeare.)

Ila mi nataka uende tendo la tatu, onyesho la pili, watu wengi wanapapita haraka. Duncan wameshamuua, ufalme wameshaupata. Mke yuko peke yake anajisemea tumemaliza kila kitu na hatujapata kitu, raha hakuna. Mume anaingia, na mke badala ya kumwambia hayo hayo anaficha, anamuuliza mbona unajitenga, yaliyopita yamepita. Mume naye ameshapanga watu wa kumuua Banquo, rafiki yake wa vitani, mke anauliza kuna nini, anaambiwa we usijue mpenzi, utakuja kunisifu likishafanyika. Yaani mume anambembeleza huku anamfungia mlango, na mke mwenyewe ameshafunga wa kwake kabla mume hajaingia! Wako chumba kimoja, kila mtu na lake moyoni. Sa nani anamponza nani hapo? Banquo hakuuawa kwa ushauri wa mke, mke na watoto wa Macduff, yule mkuu aliyempinga Macbeth, ndo kabisa.

Kuanzia hapo hawarudi tena kuwa wawili. Kwenye karamu mume anaona mzimu wa Banquo kwenye kiti, mke anahangaika kuwatuliza wageni, wakiondoka anamwambia tu unahitaji usingizi. Baadaye mwanamke anatembea usiku amelala, taa lazima iwe karibu yake muda wote, anasugua mikono doa halitoki, na wanaomwangalia ni daktari na mhudumu. Mume yuko kwenye mambo ya vita. Akiletewa habari kwamba mkewe amekufa anasema angekufa wakati mwingine.

Sasa baba, tafuta ile tafsiri ya Mushi ya 1968, ukikosa hiyo hiyo uliyonayo inatosha. Kaa na mchumba wako msome hilo onyesho kwa sauti, yeye asome ya Macbeth, we usome ya mke. Afu nipigieni, nataka kumsikia na yeye anasemaje.

Mama yako