Bendi ya Free ilivunjika kabla Kossoff hajaangamia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nisahihishe jambo lililoandikwa wiki iliyopita katika makala yenu ya muziki wa zamani, kwamba bendi ya Uingereza iliyoitwa Free ilikufa kwa sababu mpiga gitaa wake, Paul Kossoff, alizama katika dawa za kulevya. Mwandishi amepanga matukio kinyumenyume, na kwa kufanya hivyo amemtwisha marehemu mzigo usio wake.

Bendi hiyo ilianza London mwezi Aprili 1968, na kati ya vijana wake wanne hapakuwa na hata mmoja aliyetimiza miaka 19. Paul Rodgers aliimba, Simon Kirke alipiga dramu, Paul Kossoff alishika gitaa la solo, na Andy Fraser, mpiga besi, alikuwa na miaka 15 tu, umri ambao kwetu mtoto bado anahangaika na hesabu za kidato cha pili. Jina walipewa na mkongwe wa bluzi, Alexis Korner. Albamu zao mbili za mwanzo hazikuuza sana, wakawa wanaishi kwa kuzunguka kumbi, mpaka 1970 walipotoa All Right Now, wimbo uliofika nafasi ya pili Uingereza na ya nne Marekani. Agosti mwaka huohuo walisimama mbele ya mamia ya maelfu ya watu kwenye tamasha la kisiwa cha Wight.

Wimbo huo naujua kwa sababu uliwahi kunisumbua. Miaka ya 80 nilikuwa na kibanda cha kurekodi kanda na kutengeneza redio karibu na Soko la Majengo hapa Dodoma. Wateja wangu wengi walitaka dansi na nyimbo za Zaire, lakini siku moja aliletwa mgonjwa wa aina nyingine: kanda iliyomezwa na redio, ambayo ilinibidi niivute taratibu na kuizungusha upya kwa kalamu ya Biki. Nilipoijaribu, besi haikusikika kabisa. Nikadhani spika imekufa, nikafungua redio, nikapima nyaya moja baada ya nyingine, na nilikuwa bado na bisibisi mkononi kiitikio kilipofika, besi ikaingia kwa nguvu zote. Kumbe yule kijana Fraser alikuwa ameacha ubeti mzima upite bila kugusa gitaa lake, ili atakapoingia asikike. Anayezijua ngoma za muheme za akina mama wa Kigogo hatashangaa, maana huko pia pigo linaloachwa lina kazi sawa na linalopigwa.

Tatizo ni kwamba baada ya wimbo ule kila mtu alitaka mwingine kama huo. Mwishoni mwa 1970 walitoa Highway, albamu tulivu ambayo kwa masikio yangu inaishinda iliyoitangulia, nayo ikadoda sokoni. Rodgers na Fraser, waliokuwa watunzi wakuu, wakashindwa kuelewana, na mwaka 1971 bendi ikavunjika kabla hata mmoja wao hajafikisha miaka 22.

Sisemi kwamba Kossoff alikuwa msafi hadi siku hiyo. Ninachosema ni kwamba hali yake iliporomoka zaidi baada ya kuvunjika kwa bendi, na wenzake waliporudiana mwanzoni mwa 1972, sababu kubwa ilikuwa kumnusuru. Jitihada hiyo haikufika mbali. Fraser aliondoka mwaka huohuo, na kwa ziara ya Marekani ya 1973 Kossoff hakuweza kusafiri, ikabidi gitaa lake lishikwe na Wendell Richardson wa Osibisa, bendi ya London ya muziki wa Kiafrika ambayo wasomaji wa rika langu hawahitaji kuelezwa. Baada ya ziara hiyo Free ikafika mwisho, Rodgers na Kirke wakaanzisha bendi nyingine, Bad Company. Kossoff alifariki tarehe 19 Machi 1976, ndani ya ndege iliyokuwa ikitoka Los Angeles kwenda New York, akiwa na miaka 25. Wakati huo Free ilikuwa imekwisha takribani miaka mitatu.

Makala yenu ilimtaja Rodgers kwa mstari mmoja, kama mtu aliyeibuka tu 2004 kuimba na bendi ya Queen mahali palipoachwa na Freddie Mercury, mzaliwa wa Unguja. Mstari huo nao ungestahili kuongezewa kwamba sauti ile ilikuwa imekwishatikisa kumbi za Uingereza kabla Queen haijaundwa.

Kanda ile ninayo hadi leo, kwani mwenyewe hakurudi kuichukua. Mwandishi wenu akipita Dodoma namkaribisha Chang'ombe aisikilize, ila aje na redio yake, maana yangu imebakiwa na spika moja.

Fundi redio mstaafu,
Chang'ombe, Dodoma