Binti yangu anasema ameshiba, nami siamini tena

Shikamoo Shangazi,

Nina binti wa miaka 15, wa kwanza kati ya watoto wangu wawili. Barua hii nimeiandika na kuifuta mara tatu, maana kila nikianza najiona namsema mtoto ambaye hajawahi kunisumbua. Masomo anafanya vizuri, chumba chake kisafi, hana makundi. Labda ndiyo maana nilichelewa kuona.

Ilianza kama miezi saba iliyopita. Aliacha vitu vitamu, kisha vyenye mafuta, kisha nyama, akisema anawahurumia wanyama. Nikamsifu. Alipopungua nikamwambia mbele ya wageni kwamba sasa ndiyo amependeza. Neno hilo, Shangazi, linaninyima usingizi.

Siku hizi kupika anataka yeye. Anatupakulia wote, anatuhimiza tuongeze, mwenyewe anasema alionja jikoni akashiba. Nikimkalisha mezani, yai moja la kuchemsha atalikata vipande vidogo vidogo, avipange pembeni ya sahani, avisogeze huku na huku mpaka wenzake wamalize. Wiki iliyopita nilikuwa nafua sweta yake (anaivaa hata jua likiwaka), nikakuta mfukoni tishu imeviringishiwa vile vipande, vimekauka. Nilikaa sakafuni nikalia.

Tangu hapo nimeanza kuona mengine. Nywele zinabaki kwenye kitana kwa mafungu. Malaika yamemwota mikononi, marefu na laini kama ya mtoto mchanga. Akiinuka ghafla anashika ukuta. Pedi nilizomnunulia ziko vilevile kabatini, mwezi wa tatu huu. Nimesoma kwamba mwili ukinyimwa chakula unaweza kusimamisha hedhi, kupunguza kasi ya moyo, na kuotesha vinyweleo. Nilidhani anoreksia, ugonjwa wa akili unaomfanya mtu ajinyime chakula kwa kuogopa kunenepa, ni ya wasichana waliobaki mifupa. Kumbe mtoto anaweza kuwa hatarini kabla hajakonda kiasi cha kushtua watu, na wavulana nao inawapata.

Kinachonitisha zaidi ni bafuni. Siku akila kidogo cha kueleweka, anaingia huko papo hapo na kufungulia maji kwa nguvu. Nimemtazama vifundo vya vidole nikitafuta michubuko, ile inayotokana na meno mtu akijitapisha. Sijaiona, lakini haijanituliza, maana najua wapo wanaojitapisha bila kubaki na alama yoyote, na kutapika mara kwa mara kunapunguza madini ya potasiamu mwilini mpaka moyo ukapiga ovyo.

Baba yake anasema ni mambo ya ujana, yatapita. Bibi yake anataka apewe dawa ya hamu ya kula. Mimi nilijaribu ukali: hatoki mezani mpaka sahani iwe tupu. Alikula akitetemeka, machozi yanadondokea chakula, akaniambia, "Mama, hujui kelele zilizomo kichwani mwangu nikimeza." Sijamfokea tena. Ile haikuwa sauti ya mtoto mkaidi, ilikuwa ya mtoto anayeogopa.

Nimesoma pia kuhusu tiba ya familia iliyoanzia hospitali ya Maudsley, London, miaka ya 1980. Wazazi wenyewe wanasimamia kila mlo nyumbani kwa muda, wakiongozwa na mtaalamu, kisha mtoto anarudishiwa uamuzi kidogo kidogo. Imenipa moyo, kwa sababu haianzi kwa kutafuta mzazi gani alikosea. Lakini sijui kusimamia bila kumtisha, na peke yangu sithubutu.

Naomba unisaidie. Nimwambieje kuhusu ile tishu bila yeye kuona nampeleleza? Nianzie kwa daktari apimwe moyo na damu, au kwa mtaalamu wa afya ya akili? Na nikiweka miadi, nimwambie mapema au siku ileile? Mdogo wake ana miaka 11 na anaiga kila kitu cha dada yake. Jana naye alisukuma sahani.

Tena kuna mizani. Juzi niliificha juu ya kabati langu. Najua ameitafuta, maana nimekuta vitu vimehamishwa bafuni na chini ya vitanda. Hajaniuliza, nami sijasema. Niirudishe, au nikae nayo?

Mama mwenye wasiwasi