Krimu ya "Kila Kitu": Kwa Nini Doa Linarudi, na Jinsi Tunavyotibu Ngozi Iliyoharibiwa

Mtu anatokwa na choa shavuni. Anaingia duka la dawa, anasema "nipe krimu ya fangasi," anapewa tyubu ya gramu 15. Siku ya tatu muwasho umekwisha na doa limefifia, naye anaacha kupaka. Wiki mbili baadaye doa limerudi, safari hii kubwa zaidi, halina ukingo unaoeleweka, na limezaa mengine shingoni. Ananunua tyubu nyingine. Wateja wengi wanapofika kliniki yetu ya ngozi huwa wamebeba mkobani tyubu tatu au nne za majina tofauti, na ukisoma maandishi madogo ya kila moja unakuta kitu kilekile ndani.

Kitu hicho ni steroidi. Krimu nyingi zinazouzwa Kampala na miji mingine ya Uganda kama dawa ya kila kitu huchanganya dawa tatu: ya kuua fangasi, kwa mfano clotrimazole au miconazole, antibayotiki, kwa mfano gentamicin au neomycin, na steroidi, mara nyingi betamethasone au clobetasol. Steroidi ndiyo inayotuliza muwasho haraka. Inafanya hivyo kwa kuipoza kinga ya ngozi pale ulipopaka, na kinga hiyohiyo ndiyo iliyokuwa ikipambana na fangasi. Kwa hiyo dalili zinapungua huku fangasi wakiendelea kutambaa chinichini. Ukiacha, kinga inaamka, muwasho unarudi kwa hasira, na eneo lenyewe limeshapanuka. Ule ukingo wa duara wenye magamba, ambao ndio alama kuu ya choa, unakuwa umefutika, hata mhudumu mzoefu anaweza kudanganyika akadhani ni ukurutu na kukuandikia steroidi kali zaidi.

Steroidi yenyewe tunaiandika kila siku, na kwa ukurutu au soriasisi (ugonjwa wa mabaka mazito yenye magamba) ni dawa nzuri sana. Shida ni nguvu yake, mahali inapopakwa, na idadi ya siku. Clobetasol ya asilimia 0.05 iko kwenye kundi la nguvu ya juu kabisa. Tunaitoa kwa ngozi nene ya nyayo au viganja, kwa kawaida si zaidi ya wiki mbili mfululizo, na kamwe haipiti gramu 50 kwa wiki kwa mtu mzima. Usoni, kwapani, kwenye kinena na kwenye makalio ya mtoto anayevaa nepi, ngozi ni nyembamba na hunyonya dawa kwa wingi. Huko, ikibidi, tunatumia hydrocortisone ya asilimia 1 kwa siku chache tu.

Kuhusu kiasi, kipimo kinachoeleweka ni ncha ya kidole. Kamua krimu kutoka kiungo cha mwisho cha kidole cha shahada hadi nchani. Hiyo ni takriban nusu gramu, na inatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima pamoja na vidole vyake. Anayemaliza tyubu ya gramu 15 kwa doa moja la usoni ndani ya wiki moja anapaka kupita kiasi, hata kama dawa ndiyo sahihi.

Mkorogo ni ndugu wa krimu hiyo

Tofauti ni kwamba mkorogo unauzwa kwenye kopo lisilo na lebo, au lenye lebo inayoahidi kung'arisha kwa siku saba. Ndani yake mara nyingi kuna clobetasol na hydroquinone, na wakati mwingine zebaki. Shirika la Viwango la Uganda, UNBS, limezuia vipodozi vyenye hydroquinone na zebaki, lakini vinaendelea kupenya masokoni. Ukisoma lebo, angalia majina haya kama yalivyo: clobetasol, betamethasone, fluocinonide, mometasone, dexamethasone, hydroquinone, na kwa zebaki, mercury, mercuric, mercurous au calomel. Kopo lisilo na orodha ya viambato liache dukani.

Madhara yana mpangilio wake. Kwanza uso unang'aa na kuwa laini, na hapo ndipo mtu anapoipenda krimu. Kisha ngozi inakuwa nyembamba, mishipa inaonekana mashavuni, vinyweleo vinaota, na chunusi ndogondogo za ukubwa mmoja zinajaa kidevuni na kuzunguka mdomo. Vifundo vya vidole vinabaki vyeusi wakati mkono wote umepauka. Michirizi mipana inatokea mapajani na kwapani, na hiyo haifutiki. Hydroquinone ikitumika kwa miaka mingi huacha mashavuni weusi wenye rangi ya bluu, ulio mgumu kuliko tatizo lolote ambalo mtu alikuwa akilikimbia. Zebaki huenda mbali zaidi: hupenya ngozi na kuharibu figo, na mama mjamzito huipitisha kwa mtoto tumboni. Tunalisema hili kwa uzito kwa sababu wanaoletwa kwetu safari hizi ni pamoja na mabinti wa shule.

Ukiwa umepaka kwa zaidi ya mwezi, usiache ghafla bila kuonwa. Uso huwaka, huvimba na kujaa vipele ndani ya siku chache, na maumivu hayo ndiyo yanayowarudisha wengi kwenye kopo. Tunashuka ngazi: kutoka steroidi kali hadi ya kati, kisha hydrocortisone, kisha siku moja ndiyo na moja hapana, huku tukitibu chunusi na fangasi waliojificha. Kwa aliyepaka mwili mzima kwa muda mrefu tunapima pia kortisoli ya asubuhi (steroidi ambayo mwili hujitengenezea wenyewe), kwa sababu tezi zilizo juu ya figo zinaweza kuwa zimelala. Dalili zake ni uchovu usioeleweka, kizunguzungu na kichefuchefu. Kazi hii huchukua miezi. Anayekuahidi wiki moja anakuuzia steroidi nyingine.

Kwa nini tunakwangua kwanza

Vipele vingi vinafanana kwa macho: choa, ukurutu wa duara, soriasisi, hata kaswende ya hatua ya pili, ambayo hupenda kuonekana viganjani na nyayoni. Tena, kwenye ngozi nyeusi wekundu unaotajwa vitabuni mara nyingi huonekana kama zambarau, kijivu au weusi uliokolea, na mhudumu aliyejifunza kwa picha za Wazungu peke yake huupita bila kuuona. Kwa hiyo tunakwangua. Ubapa wa kisu butu unapitishwa ukingoni mwa doa, si katikati, maana fangasi hai wako ukingoni. Magamba yanaanguka kwenye kioo cha darubini, yanadondoshewa potasiamu haidroksaidi ya asilimia 10 hadi 20, tunasubiri dakika 10 hadi 20 ili seli za ngozi ziyeyuke, kisha tunatafuta nyuzi ndefu zenye matawi. Zikionekana, mjadala umekwisha. Haiumi, na jibu unalipata ukiwa bado umekaa. Ila ukipaka krimu ya fangasi asubuhi ya siku hiyo, au hata wiki iliyotangulia, nyuzi zinaweza zisionekane ingawa ugonjwa upo.

Choa cha kawaida kinatibiwa kwa clotrimazole ya asilimia 1 isiyo na steroidi, mara mbili kwa siku, ukivuka ukingo wa doa kwa sentimita mbili hivi, kwa wiki mbili hadi nne, na uendelee wiki moja zaidi baada ya doa kutoweka. Kilichokwisha kuchanganywa na steroidi mara nyingi huhitaji vidonge. Mapunye ya mtoto kichwani ni vidonge tangu mwanzo, kwa kuwa krimu haifiki kwenye shina la unywele. Griseofulvin hunywewa wiki sita hadi nane, pamoja na chakula chenye mafuta kama maziwa au karanga.

Anayekutibu amesomea nini

Una haki ya kuuliza. Daktari bingwa wa ngozi wa Uganda ameanza na biolojia na kemia S6 (kidato cha sita), akasoma shahada ya udaktari miaka mitano, Makerere, Mbarara au chuo kingine, akafanya mwaka mmoja wa mafunzo kazini hospitalini, akasajiliwa na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, na mara nyingi akahudumu wodini kabla ya kurudi shule kwa shahada ya uzamili ya magonjwa ya ngozi. Hiyo husomwa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, au nje ya nchi. Wengine hupitia kituo cha kanda cha mafunzo ya ngozi kilichoko hospitali ya KCMC, Moshi, Tanzania, ambacho kimekuwa kikifundisha Waafrika wa nchi nyingi tangu miaka ya 1990. Jumla ni kama miaka kumi au zaidi baada ya sekondari.

Kituo hichohicho cha Moshi hutoa stashahada ya juu ya miaka miwili kwa matabibu na wauguzi, na hao ndio uti wa mgongo wa huduma ya ngozi wilayani, mahali ambapo bingwa hafiki. Tabibu wa aina hiyo anajua kazi yake, mwamini. Mtaalamu wa urembo wa saluni naye ana ujuzi wake wa kusafisha na kupamba uso, lakini hakufundishwa kutambua ugonjwa wala kuandika dawa. Leseni ya daktari huhuishwa kila mwaka, hivyo cheti cha mwaka huu kinapaswa kuonekana ukutani.

Nyumbani, kila siku

Ngozi nzima inahitaji vitu vichache. Oga kwa maji ya uvuguvugu, na povu la sabuni litoshe kwapani, kwenye kinena na miguuni; mikono na mapaja yenye ukavu hayahitaji kusuguliwa kila siku. Sabuni ya mche ya kufulia ina magadi mengi mno kwa uso. Sabuni za dawa nazo hukausha, na ukavu huo ndio unaowasha usiku. Jikaushe kwa kugusa, kisha paka mafuta ndani ya dakika tatu, ngozi ikiwa bado na unyevu. Mafuta ya mgando ni bora kwa mwili na ni ya bei nafuu. Usoni, kwa mwenye chunusi, chagua losheni nyepesi. Ukiona vipele vimejipanga kwenye paji la uso na kando ya nywele tu, chunguza mafuta ya nywele kwanza.

Limao na dawa ya meno viwekwe mbali na uso. Maji ya limao yakikutana na jua huunguza na kuacha doa la miezi.

Kampala iko karibu kabisa na ikweta, kwenye mwinuko wa kama mita 1,200, na mionzi hupenya hata siku ya mawingu. Melanini yetu inapunguza hatari ya saratani, lakini haizuii madoa ya mashavuni wala weusi unaobaki baada ya chunusi. Tumia krimu ya jua yenye SPF 30 au zaidi, mistari miwili ya urefu wa kidole kwa uso na shingo, upya kila saa mbili ukiwa nje. Kwa madoa ya mashavuni chagua yenye rangi ndani yake, kwa sababu oksidi za chuma zilizomo huzuia pia mwanga wa kawaida unaoyachochea. Kwa mwenye ualbino, krimu hiyo, kofia pana na mikono mirefu ni kinga ya maisha yake, na uchunguzi wa ngozi usikosekane.

Chunusi zinahitaji subira. Benzoyl peroxide ya asilimia 2.5 au 5 asubuhi (itapausha foronya na kola, ujue mapema), na adapalene ya asilimia 0.1 usiku, kiasi cha punje ya njegere kwa uso wote, kuanzia usiku tatu kwa wiki. Matokeo huanza kuonekana wiki ya nane hadi ya kumi na mbili. Mjamzito asitumie adapalene. Tuna dawa mbadala kama azelaic acid.

Mtoto akirudi kutoka bweni anajikuna usiku, hasa katikati ya vidole, kwenye vifundo vya mikono na kiunoni, fikiria upele, ule wa wadudu wadogo wanaochimba ngozi. Permethrin ya asilimia 5 ipakwe kuanzia shingoni hadi nyayoni, pamoja na chini ya kucha, ikae saa 8 hadi 14, irudiwe baada ya siku 7. Mtu mzima mmoja hutumia kama gramu 30. Wote wa nyumba hiyo wapake usiku uleule, hata wasiowashwa. Shuka na nguo zifuliwe kwa maji ya moto, na zisizofulika zifungwe kwenye mfuko siku tatu. Muwasho unaweza kuendelea wiki mbili hadi nne baada ya wadudu kufa. Usiongeze dawa kwa sababu hiyo.

Mambo haya hayasubiri: kidonda cha nyayo kisichopona, mstari mweusi mpya unaopanuka kwenye ukucha mmoja, mabaka ya zambarau miguuni au mdomoni, na doa lililopauka lisilohisi mguso.

Siku ya kuja, usipake chochote mahali penye tatizo. Leta tyubu na makopo yote uliyotumia, hata yaliyokwisha, na picha za simu za wakati doa lilipoanza. Ukiwa unapaka mkorogo, sema tu. Hatutakufokea, na bila kujua ulichopaka hatuwezi kupanga ngazi ya kushukia.