Wanafunzi waachiwe muda wa kuitazama Fort Jesus

Mhariri,

Juma lililopita nilimpeleka mpwa wangu Fort Jesus, ile ngome ya Wareno hapa Mombasa, tukaingia pamoja na wanafunzi wa mabasi mawili kutoka bara. Sisi tulikuwa bado hatujafika hata chumba cha maonyesho, wao wakawa wanatoka. Nikaangalia saa: dakika 35. Walikuwa wamepanda mizinga, wakapigwa picha ya darasa zima, wakahesabiwa na kurudishwa garini. Wamesafiri usiku kucha kwa dakika 35!

Kilichonifanya niandike ni kijana mmoja aliyesimama mbele ya ukuta akauliza, "Mwalimu, mbona hawakuujenga ukanyooka? Mbona una kona nyingi hivi?" Mwalimu akamwambia arudi kwenye mstari.

Kumbe mtoto alikuwa ameuliza swali lenyewe. Ngome za zamani zilitegemea kuta ndefu zilizosimama wima, na zilifaa mpaka ilipokuja mizinga ikawa inaziangusha. Wahandisi wa Italia, katika zile zama za Mwamko wa Ulaya, wakabuni ukuta mnene wenye buruji, yaani sehemu za ngome zinazochomoza pembeni. Askari aliye kwenye buruji moja anaona mpaka chini ya ukuta wa jirani yake, kwa hiyo adui akisogea hana pa kujibanza. Kona alizozishangaa yule kijana ni mahesabu ya Giovanni Battista Cairati, mzaliwa wa Milan, aliyemtumikia Mfalme Philip II wa Hispania wakati ambapo Ureno nayo ilikuwa chini ya mfalme huyo. Ujenzi ulianza mwaka 1593, juu ya mwamba wa matumbawe. Ukiitazama ramani yake utaona umbo la mtu aliyelala chali, kichwa kikielekea baharini, kwani wasanifu wa zama hizo walipenda vipimo vya jengo vifuate vya mwili wa binadamu. Ngome za aina hii zilizosalia na sura yake ni chache, na UNESCO iliiingiza hii katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2011.

Mimi mwenyewe nisijifanye mjuzi. Nimezaliwa Mji wa Kale, na miaka mingi ngome hii kwangu ilikuwa ukuta wa kukata kona nikienda sokoni.

Wale watoto hawakuiona michoro ya ukutani pia. Ni kazi ya mabaharia na askari wa Kireno waliokuwa zamu, wakachora kwa rangi nyeusi na nyekundu merikebu, samaki na watu. Mpwa wangu, ambaye nyumbani hugombezwa kwa kuchora ukutani, aliganda pale robo saa nzima. Akaniuliza kama na wao waligombezwa.

Halafu kuna mzingiro wa Waomani, kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698. Vitabu vingi vya shule huumaliza kwa sentensi moja: Waarabu wakawashinda Wareno. Lakini ndani ya ngome walikuwamo Waswahili wa Faza wakipigana upande wa Wareno, na maradhi yaliua wengi kuliko risasi. Merikebu ya Santo António de Tanna, iliyotoka Goa, koloni la Wareno huko India, kuwaokoa, ilizama mbele ya ngome mwaka 1697, na vitu vilivyoopolewa humo na wapiga mbizi miaka ya 1970 vimewekwa kwenye makumbusho. Vilikuwa hatua chache tu kutoka pale watoto walipokuwa wakipigiwa picha. Na miaka ambayo Waingereza waliifanya ngome hii gereza, tangu 1895 hadi 1958, hiyo wengi hawaisikii kabisa, ingawa wapo wazee Mombasa wanaoikumbuka.

Ombi langu kwa walimu wakuu wanaopanga ziara za muhula ujao: punguzeni vituo. Ratiba yenye ngome, feri, ufuo na duka kubwa kwa siku moja haimfundishi mtoto kitu. Mkija ngomeni, mkae saa mbili au tatu, mchukue mwelekezi, na kila mtoto awe na daftari la kuchora buruji moja. Njooni asubuhi pia. Kufika saa sita ule uwanja wa kati unachoma, na kivuli ni kile cha miti michache tu.

Mkazi wa Kibokoni,
Mombasa